Sentimita Kumi za Posta ya Zamani

Nilipofika kwenye ngazi za posta ya zamani Jumapili ile, saa nne asubuhi, shati nimelipiga pasi mara mbili na viatu vipya vinanibana, mtu wa kwanza kumwona hakuwa Mwalimu, mpenzi wangu. Alikuwa Mhandisi.

Alisimama kidato cha juu kabisa, miwani ya jua usoni, mkono mmoja mfukoni, mkono wa pili umebeba kikapu cha chai cha Shangazi. Kikapu chenyewe kina kitambaa cha maua. Mwanamume mwingine angekuwa kichekesho, lakini yeye kilimkaa utadhani alizaliwa nacho, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Karibu, Fundi," alisema, kana kwamba posta ni ya baba yake. "Tulidhani umepotea."

"Nitapoteaje? Nakaa mtaa wa nyuma."

"Ndiyo maana tukashangaa."

Nilicheka kwa meno tu. Mhandisi alikuwa mwanafunzi wa Mzee, baba yake Mwalimu, ofisini, enzi Mzee akiwa bado anachora ramani za majengo. Miaka miwili iliyopita alimposa Mwalimu, akakataliwa. Ila aliyemkataa ni Mwalimu peke yake. Mzee hakumkataa, Shangazi hakumkataa, na gari lake ndilo kabisa halikukataliwa, maana mpaka leo ndilo linaloibeba familia ile kila inapotoka.

Mimi ni seremala. Posa yangu ilikuwa imefika kwa Mzee wiki sita zilizopita, na Mzee akasema anataka muda wa kunitazama. Akaweka na sharti: mpaka atakapojibu, binti yake asikanyage karakana yangu. "Sitaki mwanangu aolewe kwa mazoea," alisema. Sote wawili tukaitikia kwa vichwa vilivyoinama, na Jumatano iliyofuata Mwalimu akaingia karakana kwa mlango wa uani, chaki bado iko vidoleni.

Alikuja kila Jumatano baada ya hapo. Msitufikirie vibaya, tulikuwa tunapima mbao. Siku ya kwanza nilimfundisha jambo ambalo kila seremala analijua. Kile kidude cha chuma kilicho mwanzoni mwa futi ya kupimia hulegea kwa kutumika, na kikilegea kinadanganya. Kwa hiyo hushiki mwanzo. Unaweka alama ya kumi kwenye ukingo wa ubao, na mwenzako anayesoma upande wa pili anatoa kumi. "Kumi yangu," Mwalimu alikuwa akisema, kidole gumba kimebana ubao, nami namjibu, "Nimetoa." Wapenzi wengine wana nyimbo zao. Sisi tulikuwa na sentimita kumi.

Sasa Jumapili hii nilikuwa nimealikwa kwa mara ya kwanza kwenye matembezi ya familia. Matembezi yao si ya kupanda basi. Mzee ana msimamo wake kwamba watu huhangaika siku nzima kwenda kushangaa majumba ya mbali, na ngazi za jirani yao hawajui zina vidato vingapi. Basi kila baada ya wiki kadhaa huwatoa watu wake kwenda kutazama jengo moja la zamani, lisizidi mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Wanalizunguka, wanakunywa chai na mayai ya kuchemsha, halafu wanalipima, na Mzee analichora kwenye daftari lake kubwa. Kualikwa huko ulikuwa mtihani, na Shangazi alikuwa ameshamnong'oneza Mwalimu kwamba jibu la posa litatoka siku hiyohiyo.

Mwalimu alitokea nyuma ya nguzo. Gauni la kijani, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele, bila shaka amezisahau huko tangu Ijumaa. Alinitazama usoni, akatazama viatu vyangu, akauma mdomo asicheke.

"Vinabana?"

"Havibani."

"Unatembea kama jogoo aliyefungwa kamba mguuni."

Moyo wangu ulirudi mahali pake. Ananitania mbele ya Mhandisi, nikajisemea, basi bado mimi ndiye wa kutaniwa.

Nilimwamkia Shangazi, aliyemlea Mwalimu tangu mama yake afariki. Aliitikia "marahaba" ndefu, akanitazama kuanzia kola hadi soli.

"Mbona umekonda, mwanangu? Hizo mbao hazilishi?"

"Zinalisha, Shangazi."

"Haya. Mhandisi ametuleta mpaka mlangoni. Gari lake hata likienda huwezi kujua kama linaenda."

Mzee aliniokoa kwa kunishika kiwiko na kuniingiza ndani. Posta ile ilifungwa zamani, na siku za Jumapili mlinzi huifungua kwa wanaotaka kuitazama. Nimepita mbele yake maisha yangu yote nikienda kununua misumari, sikuwahi kuinua kichwa. Mzee aliniinulia. Alinionyesha matao matano ya mbele, na kwamba lile la katikati ni pana kuliko mengine kwa sababu mikokoteni ya barua ilipitia hapo. Alinionyesha kuta nene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa dirishani akakunja miguu. Kaunta ndefu ya mbao ilikuwa imelika upande mmoja, pale watu walipokuwa wakiegemea viwiko wakisubiri barua za wapenzi wao. Hayo ya wapenzi niliongeza mwenyewe.

Kisha tukafika kwenye ngazi ya ndani, na mshikio wake ukanimaliza. Ubao mmoja mrefu, umepindishwa taratibu kufuata ngazi, viungo vyake vimeingizwa ulimi ndani ya tundu bila msumari hata mmoja. Niliupitishia kiganja kuanzia chini hadi juu, macho nimefumba.

"Unasemaje, Fundi?" Mzee aliuliza. "Huu umetengenezwa na mtu mmoja?"

"Wawili, Mzee. Mpaka hapa kwenye kona randa imepita hivi. Kuanzia hapa imepita kinyume. Wa pili alikuwa anatumia mkono wa kushoto."

Mzee alivua miwani, akainamia ule ubao, akapapasa. Aliponyanyuka alinitazama tofauti na alivyowahi kunitazama, na nyuma yake nikamwona Mwalimu ametabasamu mpaka macho.

Ningeomba Jumapili iishie pale.

"Ajabu," Mhandisi alisema kutoka chini ya ngazi. "Mwalimu, siku ile si ulikaa hapohapo ukasema mshikio huu una siri? Tukabishana mpaka chai ikapoa."

"Siku ipi?" niliuliza.

"Tulipokuja kupima. Wiki tatu sasa. Au nne?"

"Tatu," alisema Shangazi. "Ndiyo siku uliyomfunika koti lako mvua ilipotunyeshea."

Tabasamu la Mwalimu lilizimika. Mimi nilianza kuhesabu kichwani, na hesabu haikuwa ngumu. Wiki tatu zilizopita, Jumapili, nilimwomba tuonane hata kwa dakika tano nje ya geti la shule. Aliniambia ana madaftari sitini ya kusahihisha na hawezi hata kuinua kichwa.

Mzee, asiyejua lolote, alikuwa ameshalifungua daftari juu ya kaunta. "Hebu njooni. Jengo hili limenikosesha usingizi," alisema. Nami nikaenda kutazama, nikaona. Mchoro safi, matao yote matano, na chini kabisa, kwa mwandiko wake wa kunyooka, tarehe na maneno haya: *Mwanzo wa futi, binti yangu. Msomaji, Mhandisi.* Nilivisoma vijina hivyo viwili vimelala pamoja kwenye mstari mmoja, nikahisi nimemeza shubiri.

Nilisubiri Mzee na Mhandisi wainamie namba zao, nikamfuata Mwalimu kwenye ukuta wa visanduku vya barua. Alikuwa anafungua na kufunga kimlango kimoja bila sababu.

"Ulisema unasahihisha madaftari."

"Nilisahihisha."

"Wapi? Kwenye ngazi?"

"Asubuhi. Mchana Baba akasema twende."

"Na Mhandisi."

"Na Mhandisi, na Shangazi, na chupa ya chai. Unataka orodha?"

"Nilitaka kuambiwa."

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningekasirika."

"Na nisipokuambia?"

"Nimekasirika."

"Basi angalau nilipata wiki tatu za amani."

Siku nyingine ningecheka. Yeye mwenyewe alikuwa ameniachia nafasi ya kucheka, niliiona. Lakini lile koti lilikuwa limenikaa kooni.

"Alikufunika koti," nilisema.

"Mvua ilikuwa inanyesha. Alitaka kumfunika Shangazi, Shangazi akakataa, akaniwekea mimi. Unamjua Shangazi."

"Na wewe ukalivaa."

"Nilikuwa nimelowa, mpenzi wangu. Ningelikalia?"

"Bado anakutaka."

"Hilo ni lake. Mimi nilimjibu miaka miwili iliyopita, na sikumjibu kwa kunong'ona." Alikifunga kile kimlango. "Kwa nini hunikasirikii mimi niliyekuficha, unamkasirikia yeye aliyetuendesha gari?"

Ukweli ni kwamba kumkasirikia yeye kungenigharimu, na kumkasirikia Mhandisi kulikuwa raha tupu.

"Mwalimu," Mhandisi aliita kutoka mlangoni, futi ndefu ya kitambaa mkononi. "Mzee anataka tushike tena kama siku ile."

Kama siku ile. Alisema hivyohivyo.

Tulitoka nje wote. Mzee alitueleza tatizo lake huku amekumbatia daftari. Ukijumlisha vyumba vya ndani, alivyovipima yeye na mlinzi, na unene wa kuta, upande wa mbele unapata mita kumi na nane na sentimita thelathini. Ukipima kwa nje unapata kumi na nane na arobaini. Upande wa ubavuni vilevile, nje imezidi ndani kwa sentimita kumi.

"Majengo yote niliyochora yamefunga," alisema. "Hili tu limegoma."

"Mimi bado nasema kuna ukuta wa pili, Mzee," alisema Mhandisi. "Walijenga kuta mbili na kuacha uwazi katikati. Nimewahi kuona."

"Humo ndimo walimoficha dhahabu," alisema Shangazi, akimenya yai.

Mwalimu alikwenda kwenye kona ya mbali na mwanzo wa futi. Mhandisi na Mzee walibaki kona ya huku na kile kiviringo ambamo futi hukunjwa. Mimi nikasimama katikati, mikono mitupu, mgeni wa heshima asiye na kazi. Niliwatazama wanavyoivuta futi mpaka ikanyooka kati yao, na wivu ulinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Kamba moja, yeye huku, yeye kule, na Mhandisi anaitikisa kidogo kumpa ishara avute, na Mwalimu anavuta bila hata kutazama. Watu huzoeana kwa muda mrefu ndipo wanafanya hivyo.

Kisha nikaona kidole gumba chake.

Mwalimu hakuwa ameweka mwanzo wa futi kwenye kona. Ncha ilikuwa inaning'inia nje ya ukuta, na kidole gumba kimebana kwenye kumi. Midomo yake ilicheza bila sauti. Nilijua inasema nini. Na upande wa pili hakuna aliyemjibu, maana aliyekuwa upande wa pili hakuwa mimi.

Ningekuwa mtu mwenye akili ningenyamaza, nikaweka furaha ile mfukoni, nikaenda nayo nyumbani. Msichana amesimama mwisho wa futi ya mwanamume mwingine, na mkono wake uko karakana kwangu. Wangapi wanapata ushahidi wa namna hiyo?

"Kumi na nane na arobaini," Mhandisi alisoma. "Ileile, Mzee. Mimi nakwambia ni ukuta wa pili."

"Hakuna ukuta wa pili," nilisema.

Wote waligeuka. Sauti yangu ilikuwa imetoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na kusema kweli ilinifurahisha.

"Jengo halina kosa. Kosa ni la msomaji. Mwenzake ameshika kwenye kumi, na mwenzako akishika kumi, wewe unatakiwa utoe kumi. Hilo hata anayejifunza kutengeneza stuli analijua. Mhandisi mzima, na miwani ya jua, ameshindwa kutoa kumi, halafu anatuletea habari za kuta mbili."

Shangazi aliacha kumenya. Mhandisi alitazama futi, akatazama kule mwisho, na nikaona uso wake unabadilika taratibu. Nilikuwa nimemshika. Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mwanamume mrefu kuliko matao.

Halafu nikamtazama Mwalimu. Alikuwa hajaondoa kidole kwenye kumi, lakini rangi ilikuwa imemtoka. Alikuwa ameshafika mahali ambapo mimi nilikuwa bado sijafika.

Mzee alikuwa anafunua daftari kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka.

"Shule ya zamani," alisema. "Miezi miwili iliyopita. Mwanzo wa futi, binti yangu. Imefunga. Kituo cha zimamoto, mwaka jana. Mwanzo wa futi, binti yangu. Kimefunga." Alilifunga daftari. "Nilimfundisha kushika futi akiwa na miaka saba. Nilimfundisha kushika mwanzo. Hajawahi kushika kumi kwenye jengo lolote mpaka hili."

Kisha akanigeukia.

"Umeligundua haraka sana, Fundi. Nimesimama hapa na nilidhani nina macho, sikuliona. Nani amemfundisha huyu kushika kumi?"

Hapo ndipo nilipofika. Wiki sita za mlango wa uani, na nilikuwa nimezimwaga zote chini mbele ya baba yake ili nimwone Mhandisi anaaibika.

"Ni mimi, Mzee," alisema Mhandisi.

Alikuwa amevua ile miwani. Bila miwani alionekana mtu wa kawaida, tena mwenye usingizi.

"Siku ile pete ya mwanzo wa futi ilikuwa imelegea. Nilimwambia aanzie kumi, halafu nikasahau kutoa. Leo akafanya vilevile, na mimi nikasahau tena. Fundi ameona tu alivyoshika. Samahani, Mzee. Kosa ni langu."

Ulikuwa uongo mzuri. Ulikuwa umekaa sawa kila upande, na Mzee alikuwa anataka kuuamini. Nililiona hilo kwenye mabega yake. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Niseme ni mimi, nimemkaribisha mimi, adhabu iwe yangu. Badala yake nilisimama pale na kufikiria jambo moja tu, kwamba jamaa huyu ananiokoa, na anapendeza akifanya hivyo.

"Si kweli, Baba."

Mwalimu alikuwa ameiachia futi. Alikuja akitembea kando ya ukuta, taratibu, mkono mmoja unagusa mawe.

"Mhandisi hajaniambia chochote. Nimejifunza karakana, kwa Fundi. Nimekwenda kila Jumatano tangu ulipokataza."

"Jumatano una kikao cha walimu," alisema Shangazi.

"Hakuna kikao, Shangazi."

"Na mimi ninakuwekea chakula kwenye moto kisipoe."

"Najua. Naomba unisamehe."

Shangazi alikaa kwenye kidato na yai lake mkononi, akaacha kututazama sote.

Mzee aliikusanya ile futi mwenyewe, akiikunja mkononi mpaka mwisho, ndipo akanigeukia.

"Ya Jumatano nitazungumza na mwanangu nyumbani. Yameniuma, lakini ni ya kwetu," alisema. "Yako wewe ni mengine. Nilikuja hapa kulitafuta jibu lako. Lilikuwa ndiyo. Nilikata shauri pale kwenye ngazi, uliposema habari za mtu wa mkono wa kushoto. Nikasema huyu kijana anatazama kitu mpaka anamwona mtu aliye nyuma yake." Alitikisa kichwa. "Kumbe ni kwenye mbao tu."

"Mzee, nisikilize."

"Mliificha siri yenu wiki sita. Nisingeijua. Wewe umeitoa kwa nusu dakika, si kwa kuwa dhamiri imekusuta. Umeitoa umshinde mwenzako." Hakuinua sauti hata kidogo. "Jibu langu halina kazi tena. Muulize mwenyewe."

Akaingia ndani ya posta na daftari lake. Mhandisi alikiokota kikapu, akamsaidia Shangazi kusimama, wakaelekea kwenye gari.

Tulibaki wawili chini ya tao la katikati. Mwalimu alikuwa amezigundua zile kalamu kwenye nywele, akazichomoa, akawa anazitazama.

"Nisamehe," nilisema.

"Kwa lipi?"

"Kwa kusema."

"Unaona? Hata hapo hujui." Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi. "Nilipobana kumi pale kwenye kona, nilikuwa nimekununia. Nilikuwa nakuita majina mabaya kichwani. Na mkono wenyewe ukaenda kwenye kumi. Nilipoliona nikasema, haya basi, nimekwisha, mtu huyu ameniingia mpaka vidoleni."

"Nililiona."

"Uliliona?"

"Niliona na midomo yako."

Alinyanyua uso. Macho yake yalijaa maji papo hapo, naye akageukia barabarani asinionyeshe.

"Bora ungekuwa hukuliona," alisema. "Ningesema hajajua. Kumbe ulijua nimekwambia nini, na bado ukakichukua ukampigia nacho mtu mwingine."

"Nilikuwa na wivu. Nimekuwa nao tangu nilipomwona na kile kikapu. Siwezi kukudanganya."

"Wivu wako naujua. Nimeishi nao, nimeukwepa, nimeudanganya na madaftari sitini. Na huo uongo wangu nautambua, sijitoi." Alipangusa shavu kwa mgongo wa mkono. "Lakini leo yeye amedanganya nisiaibike mimi. Wewe umesema kweli aaibike yeye. Mimi nilikuwa wapi kwenye mambo yako?"

"Katikati," nilisema, maana ndiyo ilikuwa kweli.

"Katikati, ndiyo. Kama ile futi."

Nilimshika mkono. Hakuuchomoa. Vidole vilikuwa vya baridi, na kile gumba kilikuwa na alama nyekundu pale kilipobana.

"Baba yako amesema nikuulize wewe."

"Nimemsikia."

"Basi nakuuliza. Utanioa? Yaani, utakubali nikuoe?"

Alicheka, kicheko kidogo chenye machozi ndani yake, na kwa sekunde moja nilidhani nimepona.

"Swali lenyewe umelikosea," alisema. "Usiniulize leo. Leo nikisema ndiyo, utamtazama yeye kwanza uone amelipokeaje. Nikisema hapana, utamtazama yeye vilevile. Niulize siku ambayo utakuwa unaniuliza mimi."

"Siku hiyo nitaijuaje?"

"Hiyo ni kazi yako, Fundi. Sitakushikia."

Aliuondoa mkono wake polepole, kidole kimoja kimoja, akaingia kumwita baba yake.

Mimi nilishuka ngazi, nikasimama kando ya barabara na viatu vyangu. Walitoka, yeye na Mzee, wamekaribiana, Mzee ameweka mkono begani kwake. Walipita mbele yangu. Mzee aliniinamishia kichwa kidogo, kama mtu anavyoagana na jirani. Waliingia garini, milango ikafungwa, injini ikawaka bila sauti, ni kweli alivyosema Shangazi.

Nilikuwa na mengi ya kufikiria wakati ule. Nilikuwa nimepewa ndiyo ya Mzee na kunyang'anywa asubuhi hiyohiyo, na mwanamke ninayempenda ameondoka akilia kwa sababu yangu. Lakini gari liliposogea, jicho langu lilifanya kazi moja tu. Lilikwenda kwenye kiti cha mbele, pembeni ya dereva, kuona ni nani amekaa pale.

Alikuwa Mzee. Mwalimu alikuwa nyuma, karibu na Shangazi, kichwa amekiegemeza kwenye kioo. Nilishusha pumzi ya nafuu, nikainua uso.

Alikuwa ananitazama. Aliona nilikoangalia kwanza.